Madumu 12

Bibi wa nyumba ya tatu alikuwa anapita na dumu tupu mkononi, akasimama mbele ya dirisha langu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mpira mwembamba uliotoka dirishani, ukashuka ukutani na kuishia mtaroni. Maji yalikuwa yanatiririka humo kidogokidogo, bila kukatika, maangavu kama ya kunywa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Macho bado yako kwenye mpira. "Hayo maji yana nini hata yamwagwe?"

Nikamjibu kwamba hayana kitu. Ni yanayobaki ninapotengeneza maji ya samaki.

"Haya," akasema. Akaendelea na safari yake hadi kwa jirani wa kona anakonunua maji, akarudi na dumu limejaa, akipumzika mara mbili njiani. Nilitoka nikampokea kwa hatua zilizobaki. Hatukulizungumza tena jambo lile siku hiyo.

Angenisuta ningejitetea. Hakunisuta.

Ni wiki ya tano sasa, na swali lile halijanitoka.

Kinachopotea hewani

Sebuleni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nina tangi la kioo la lita 200 lenye maji ya chumvi. Ndani yake wanaishi samaki wadogo watano, konokono kadhaa, na kaa wale wanaohamia kwenye makombe matupu. Kila anayeingia huniuliza swali moja: bahari iko pale, mashine ya kusafisha maji baridi ni ya nini?

Jibu lake liko hewani.

Kipindi cha kaskazi sebule yangu hufika nyuzi joto 31, na samaki hawa wanataka 26 au 27. Kwa hiyo feni ndogo inapuliza juu ya maji usiku na mchana. Feni hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na kwangu huondoka lita 3 kila siku. Chumvi haiendi na mvuke. Inabaki yote. Ukijazia kwa maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi, na haupiti muda mrefu tangi linakuwa shamba la chumvi. Kinachotakiwa kurudishwa ni kile kile kilichoondoka: maji matupu. Na yawe matupu kweli, maana chochote kitakachoingia nayo kitabaki mle ndani kama chumvi inavyobaki, leo kidogo, kesho kidogo.

Nilianza na maji ya bomba. Ni maji mazuri, nayanywa mimi na wanangu. Lakini maji ya kunywa hayahitaji kuwa matupu, na haifai yawe matupu. Madini yaliyomo yana faida kwa mtu. Kwenye tangi lililofungwa, silika kidogo na fosfeti kidogo na naitreti kidogo ni mbolea. Mwezi wa kwanza haujaisha kioo kilikuwa kimeota utando wa kahawia, na juu ya mawe vikaanza kuota vinyuzi vya kijani. Nikisugua Jumamosi, Jumatano vimerudi.

Nikajaribu maji ya kunywa ya dukani. Yanasafishwa vizuri, kisha mengi huongezewa madini ili yawe na ladha. Nikauliza maji ya betri za gari. Muuzaji akanieleza kwamba hilo jina linabeba vitu viwili, maji yaliyotoneshwa na asidi, na chupa zinafanana. Nikaziacha hapo hapo kwenye kaunta.

Maji ya kiyoyozi

Sehemu hii ndiyo ngumu kwangu kuiandika.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi yangu yote nimeifanya katika hewa ya Tanga, hewa iliyoshiba maji, na nimeona ndoo ngapi zikijaa chini ya mpira wa kiyoyozi kabla ofisi haijafungwa. Siku moja nikiwa juu ya ngazi nikawaza: haya si mvuke uliopozwa? Si ndiyo maji yale yale ya kutoneshwa, tena ya bure?

Nilirudi nyumbani na dumu zima. Nina mita ndogo ya kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, ile inayoitwa mita ya TDS. Nikaichovya. Ikasoma 9, maana yake sehemu 9 katika milioni. Sikuwahi kuona namba ndogo kiasi kile. Nilimwita mke wangu aje aone.

Kwa wiki mbili nilijazia tangi kwa maji hayo, nikiamini nimepata jibu ambalo wengine wote wamelikosa.

Kwanza ni konokono. Mmoja alianguka kutoka kwenye kioo, nikamgeuza, akaanguka tena. Kisha kamba wangu wawili, wadogo, wenye mistari myekundu, wakaacha kutoka mafichoni hata kwa chakula. Asubuhi ya siku ya kumi na sita niliwakuta wote wawili wamelala ubavu nyuma ya jiwe. Binti yangu ndiye aliyekuwa amewazoea. Walikuwa wanapanda mkononi mwake wakimsafisha kucha.

Samaki walikuwa wazima kabisa. Na huo uzima wao ndio ulionionyesha kosa langu.

Dawa ya zamani ya vimelea vya samaki wa baharini ni shaba. Dozi yake haifiki hata robo ya miligramu katika lita moja. Samaki huivumilia, vimelea hufa. Lakini kamba, konokono na wengine wasio na uti wa mgongo huathirika kama vimelea. Sasa fikiria maji ya kiyoyozi yanapotokea: mvuke unapoa kuwa matone juu ya koili, na koili ni mirija ya shaba. Mirija ambayo nimeilehemu kwa mikono yangu miaka yote hii. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa na nafasi nzuri ya kulijua hilo kuliko mimi.

Ile mita haikunidanganya. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi, kisha inageuza kipimo hicho kuwa namba. Haijui kama 9 yake ni chokaa au ni sumu. Mimi ndiye niliyeisoma namba kama ahadi.

Nikabadilisha nusu ya maji siku hiyo na nusu tena siku ya tatu, nikaweka mkaa wa kuchujia, nikangoja miezi mitatu kabla ya kurudisha hata konokono mmoja. Kamba sijawarudisha mpaka leo.

Mpira wa dirishani

Baada ya hapo sikutaka tena njia ya mkato. Nikanunua mashine ya RO, yaani reverse osmosis.

Kwa ambao hawajaiona: maji ya bomba yanapita kwanza kwenye filta ya mikroni 5 inayozuia tope na kutu, kisha kwenye mkaa unaoondoa klorini, kwa sababu klorini huuharibu utando unaofuata. Utando huo ndio kiini cha mashine. Maji yanasukumwa kwa presha, machache yanapenya, na zaidi ya asilimia 95 ya vilivyoyeyuka vinazuiwa upande wa pili. Mwisho kuna rezini, punje ndogo kama mtama, zinazonasa kilichobaki. Nilipochovya mita mwishoni mwa mstari huo ilisoma 0.

Utando wa kahawia ulipungua wiki ya tatu. Wiki ya sita kioo kilikuwa safi, na vinyuzi vya kijani vikaanza kukatika vyenyewe.

Lakini kile kinachozuiwa na utando lazima kisombwe, la sivyo chokaa ingeuziba kwa siku chache. Ndiyo kazi ya ule mpira wa dirishani. Katika mashine yangu, kila lita moja iliyopenya iliacha lita nne nje.

Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza, limeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Kulijua na kulihesabu kumbe ni mambo mawili.

Siku bibi aliposimama pale, usiku nilichukua daftari. Lita 21 kwa wiki za kurudishia mvuke. Lita 40 za kubadilisha sehemu ya maji ya tangi, ambazo nilikuwa nachanganya na chumvi maalumu ya kuagiza. Jumla lita 61. Mara nne: lita 244 mtaroni.

Madumu 12 kila wiki.

Bibi ananunua mawili kwa siku, na moja kati ya hayo ni la kuogea wajukuu.

Hesabu ya gramu 18

Usiku ule nilitaka kuing'oa mashine. Nilitafuta sababu, na niliipata.

Tuseme maji ya bomba yana miligramu 200 za madini katika lita. Lita 3 kwa siku ni miligramu 600. Kwa mwezi ni gramu 18. Tangi langu lina chumvi ya gramu 35 kwa lita, yaani kilo 7 nzima. Gramu 18 mbele ya kilo 7 ni nini? Nikajiona nimefunguliwa. Nilienda kulala nikiwa nimeamua.

Asubuhi nilikaa mbele ya tangi kabla ya kwenda kazini, na uamuzi ule haukusimama. Kamba wangu hawakuuawa na gramu 18. Waliuawa na kitu ambacho mizani ya jikoni isingekiona. Maji ya miamba ya matumbawe yana fosfeti kidogo mno, sehemu chache za mia za miligramu katika lita, na viumbe wake wameumbwa kwa umaskini huo. Uzito wa kinachoingia si hoja. Hoja ni kwamba kinaingia kila siku na hakina pa kutokea.

Kwa hiyo mashine ilibaki. Lakini nilipokuwa nalitazama tena lile daftari, jicho langu likatua kwenye mstari wa pili. Lita 40 kati ya 61. Theluthi mbili ya maji yote niliyokuwa nasafisha kwa gharama ya madumu yale, nilikuwa nayasafisha ili niyatie chumvi.

Naishi Tanga. Kwa nini nilikuwa natengeneza bahari?

Nililifikiria swali hili siku kadhaa, na jibu lake halikunifurahisha. Kila nilichojifunza kuhusu tangi hili nimekisoma kwa watu walioko mbali na bahari yoyote, wengi wao Marekani. Wao hawana njia nyingine. Lazima wasafishe, lazima wachanganye. Maarifa yao ni ya kweli na yamenisaidia. Ila nilikuwa nimechukua pamoja nayo na umbali wao.

Nilikuwa nimewahi kujaribu mara moja, lazima niseme. Mwezi wa tano mwaka jana nilichota dumu pale Raskazone. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kipima chumvi kikasoma 1.019 badala ya 1.025 ya maji ya bahari ya kawaida. Nikayamwaga, nikajiambia bahari ya hapa haifai. Jaribio moja, siku moja, nikafunga mlango.

"Bahari ina wageni"

Nilimfuata bibi kwake jioni. Sikwenda kuuliza habari za bahari. Nilikwenda kwa sababu nilijisikia vibaya, nikawa sijui nianzie wapi. Nikaanzia kwenye dumu la Raskazone.

Nilikuwa nimesahau kwamba bibi ni mtu wa Mwambani, na baba yake alikuwa mvuvi.

"Ulichota lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano bahari ina wageni," akasema. "Mkulumuzi uko humo, Sigi uko humo, na matope yao. Hata sisi watoto tulikuwa tunakatazwa kuoga."

Akanieleza, taratibu, huku anachambua mchele. Nisichote ufukweni. Nisichote maji yakiwa yanatoka, maana maji yanayotoka yanabeba ya mito na ya mji. Nisichote siku za maji mafu, kwa kuwa siku hizo maji ya ghuba hayabadiliki sana, yanakwenda na kurudi yale yale. Ningoje bamvua, maji yajae mpaka yasimame, na nimpe madumu mwenye chombo anichotee huko nje, upande wa Ulenge.

Hakuna hata neno moja kati ya haya ambalo sikuweza kulielewa kwa elimu yangu ya mabomba na presha. Bamvua ndiyo wakati bahari kuu inaingia ghubani kwa wingi. Ni kama kubadilisha maji ya tangi. Sikuwa nimeuliza tu.

Sasa nina makubaliano na kijana mmoja mwenye ngalawa pale kwenye diko la Deep Sea. Kila bamvua, ambayo ni kila baada ya wiki mbili takribani, ananiletea madumu manne. Nayafunga mawilimawili kwenye baiskeli, safari mbili. Nayachuja kwa kitambaa kizito, nayaacha gizani usiku mmoja na pampu ya hewa ikitoa mapovu, napima. Mara ya kwanza kipimo kilisoma 1.025 kamili. Nilikichovya mara tatu.

Haitafaa mwaka mzima. Masika yakikolea nitarudi kwenye chumvi ya kuchanganya kwa wiki kadhaa, na nimeitunza kwa ajili hiyo. Lakini masika hayo hayo yana mvua, na mvua iliyokingwa kwa turubai uwanjani, bila kupita kwenye bati wala tawi la mwembe, ilisoma 11 kwenye mita yangu wakati wa vuli. Nikiipitisha kwenye rezini peke yake, mashine inapumzika na mpira unakauka.

Na mashine yenyewe nimeirekebisha. Niliifungia geji ya kazini na kukuta presha yangu ni pauni 25 kwa inchi ya mraba; utando huo unataka 40 hadi 60. Nimeweka pampu ndogo na kubadilisha kile kidhibiti cha mpira wa kutolea, na sasa kila lita moja inaacha mbili. Naweza kubana zaidi, lakini chokaa ingeganda kwenye utando na ningeutupa kabla ya wakati.

Lita 21, mara mbili. Madumu 12 yamekuwa mawili.

Dumu la nani

Mawili hayo sikutaka yaende mtaroni, na wazo la kwanza lilikuwa rahisi: nimpe bibi.

Si maji machafu. Uchafu haukuongezwa popote. Kwa kiwango cha sasa madini yake yamezidi ya bombani kwa nusu hivi, klorini imetoka, na kwa kufulia, kudekia au kumwagilia mchicha hayana tatizo lolote. Nilijaza dumu la kwanza, nikalifuta vizuri, nikalibeba mpaka mlangoni kwangu.

Nikashindwa kuvuka mlango.

Nilikuwa najaribu kutunga maneno ya kumwambia, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na samaki mbele na bibi nyuma. Haya yamebaki kwa samaki, chukua. Mtu aliyenibembeleza nikiwa mgonjwa wa surua, aliyemwosha mama yangu siku ya mwisho. Najua angepokea na kusema ahsante. Hilo ndilo lililonizuia.

Nikalirudisha ndani. Jioni hiyo mke wangu alifulia maji yale, na choo kikapata yake. Maji ya mabaki ni ya nyumba yenye samaki. Kisha nikavuta mpira mwingine, mnene, kutoka kwenye bomba langu la mbele, maji yale yale tunayokunywa, nikauweka kwenye kitasa cha nje ambako mtoto anaweza kuufikia. Nikamtuma binti yangu akamwambie bibi kwamba kuanzia sasa madumu yake yanajazwa hapa kwetu.

Bibi alikuja mwenyewe. Aliuliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia amenilipa tayari, kwa habari za bamvua. Alinitazama kwa muda, kisha akasema habari za bamvua haziuzwi. Kesho yake asubuhi akaleta vitumbua, na Ijumaa mkate wa kumimina, na tumeachana hapo, kila mmoja akiamini yeye ndiye anayedaiwa.

Hakuwahi kuingia kuliona tangi. Juzi ndiyo aliingia. Dumu lilikuwa linajaa nje, jua limeshuka, na taa ya tangi ilikuwa inawaka. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kioo kuliko ninavyowaruhusu watoto.

"Kitatange," akasema, akimwonyesha yule mdogo wa manjano aliyenaswa kwenye dema. "Huyu alikuwa anaingia kwenye mitego ya baba. Tulikuwa tunamrudisha."

Nikamwonyesha wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilitaka sana kujua wanaitwaje kwao. Nimeuliza wavuvi wengi, kila mmoja na lake.

Akawatazama kwa muda mrefu.

"Hawa hawakuwa na jina," akasema. "Hawaliwi."

Binti yangu akamwuliza basi tuwapeje. Bibi hakujibu. Alikuwa anawafuata kwa kidole juu ya kioo, nao wanakifuata kidole. Nje dumu likajaa, maji yakaanza kumwagika, binti akakimbia kufunga bomba.

"Kesho kutwa mwezi mpevu," bibi akaniambia akiwa bado ameketi. "Maji yatasimama saa kumi jioni. Mwambie kijana wako asichelewe."